Simu ya Linux au simu ya kawaida? Jibu kwa mwalimu asiyeona anayetafuta kompyuta ya mkononi

SWALI: "Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Sioni tangu utotoni, nasoma na kuandika nukta nundu, na kwenye kompyuta ya ofisi ya shule natumia NVDA, kisoma skrini kinachonisomea kwa sauti yaliyo kwenye kioo. Nahitaji kompyuta ndogo ya kubeba mkononi, niandikie maandalio ya somo, nitunzie alama za wanafunzi na nisomee vitabu nikiwa safarini, na isitegemee intaneti kwa sababu kwetu mtandao ni wa kubahatisha. Mashine za nukta nundu nimeziulizia. Bei yake ni mshahara wa miaka. Kijana mmoja fundi ananishauri ninunue simu ya Linux, yaani yenye mfumo wa Linux wa kompyuta badala ya Android ya simu nyingi, kwamba kwa kuwa ni ya chanzo huria itawafaa wasioona na hakuna kampuni itakayoniamulia mambo yangu. Mwingine anasema Linux na asiyeona hawapikiki chungu kimoja. Kaka yangu yuko Muscat na yuko tayari kuninunulia, lakini naogopa kuletewa kitu nitakachoshindwa hata kukiwasha. Nichague nini?"

JIBU: Mwalimu, hofu uliyoiweka mwishoni ndiyo ninayotaka kuanza nayo, kwa sababu mimi pia sioni na yaliyokupa hofu yamewahi kunikuta. Miaka michache iliyopita niliagiza simu ya Linux nikiwa na furaha ya mtoto siku ya sikukuu. Ikafika, nikabonyeza kitufe, ikatetema mara moja, kisha kimya. Nikasubiri dakika kumi nikidhani inajiandaa. Mtoto wa jirani, wa darasa la sita, alipoitazama akaniambia kwamba imeandika "karibu, chagua lugha" na kwamba imekuwa ikiniuliza hivyo muda wote. Ilituchukua jioni mbili, yeye akinisomea na mimi nikimwelekeza, hadi simu ile ikatoa sauti. Na siku ilipojisasisha, ikarudi kimya. Kwa hiyo unapochagua, swali la kwanza lisiwe kama kifaa ni huria au si huria. Liwe hili: je, kinazungumza tangu dakika ya kwanza, na siku kitakaponyamaza, nitaweza kukirudishia sauti mimi mwenyewe?

Fundi wako amechanganya mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Programu ya chanzo huria ni ile ambayo msimbo wake umewekwa wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuubadili na kuugawa. Ruhusa hiyo ina thamani kubwa kwetu, na NVDA unayoitumia ni ushahidi: iliasisiwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, wakati ambapo visoma skrini vingine vya Windows viliuzwa ghali mno. Lakini ruhusa haifanyi kazi kwa niaba ya watu. Msimbo ukiwa wazi na asipatikane mtu wa kukaa chini na kuandika sehemu inayomhudumia asiyeona, utabaki wazi na bubu vilevile. Na kinyume chake ni kweli: mfumo usio huria hata kidogo unaweza kumhudumia asiyeona vizuri sana.

Ili uelewe kwa nini kifaa kimoja kinazungumza na kingine hakizungumzi, ni vizuri kujua kwamba kisoma skrini hakitazami kioo kama jicho linavyotazama. Mfikirie mwanafunzi anayemsomea mwenzake asiyeona yaliyoandikwa ubaoni: kama mwalimu amechora tu bila kuandika, msomaji hana la kusema zaidi ya "kuna kitu hapa". Kila programu iliyotengenezwa vizuri hutangaza kwa mfumo endeshi, yaani programu kuu inayokiendesha kifaa, orodha ya vitu vilivyopo: hiki ni kitufe, kinaitwa "hifadhi", hiki ni kisanduku cha kuandikia, hiki kimechaguliwa. Kisoma skrini huichukua orodha hiyo, huamua kipi kisemwe na kwa mpangilio gani, kisha huyapeleka maneno kwa programu ya tatu, yaani injini ya sauti, ambayo hugeuza maandishi kuwa matamshi. Kama programu haikuandika jina la kitufe, utasikia "kitufe kisicho na jina". Kama kisoma skrini hakielewi namna unavyoshika kifaa, orodha ipo lakini hutaifikia. Kama injini ya sauti haipo, vyote viwili vinafanya kazi barabara na wewe husikii neno.

Simu za Linux, kwa mfano PinePhone na Librem 5, na mifumo kama postmarketOS, hukwama katikati ya mnyororo huo. Kisoma skrini chao ni Orca, ambacho kwenye kompyuta ya mezani ni kizuri na mimi hukitumia kila siku, lakini kilijengwa juu ya kibodi: unasogea kwa mishale, unaamuru kwa vitufe. Kwenye simu ya Android, kisoma skrini cha TalkBack kinakuruhusu kuburuza kidole kiooni ukasikia kila unachokigusa, kisha ukagonga mara mbili kukifungua. Tabaka hilo la kusoma kwa kidole halijakomaa kwenye simu za Linux. Kwenye PinePhone unaweza kuchomeka kibodi maalumu yenye betri ndani yake, na hapo hali huwa nafuu, lakini bado ni kifaa cha mtu anayependa kufungua na kufunga mitambo, wala si cha mwalimu mwenye kipindi cha kwanza saa mbili kasorobo.

Hata hivyo yule mwingine aliyekwambia kwamba Linux haimfai asiyeona naye amekosea, tena sana. Programu ya BRLTTY, inayounganisha Linux na vifaa vya kusomea nukta nundu, ipo tangu mwaka 1995. T. V. Raman, mtaalamu wa kompyuta asiyeona, alitengeneza Emacspeak, inayoisemesha programu ya uandishi ya Emacs, katika miaka hiyohiyo. Ukitaka kuweka Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, kwenye kompyuta leo, unasikia mlio wa kukujulisha kwamba menyu imefika, unabonyeza herufi "s" na kitufe cha kuingiza, na kuanzia hapo usakinishaji wote unasomewa kwa sauti bila kuhitaji jicho la mtu. Tatizo liko kwenye Linux ya kugusa kwa kidole. Linux ya kibodi, hasa ile ya maandishi matupu, ni miongoni mwa mazingira yaliyo rafiki zaidi kwetu, kwa sababu humo hamna picha za kutajiwa jina. Kila kitu tayari ni maneno.

Kuhusu sauti nitakaa kidogo, kwa kuwa washauri wengi hulipita jambo hili na kwa Mswahili ndilo linaloamua. Kifaa kinachosoma Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza kinachosha kuliko kelele. Andika "mke wake alikuwa pale" na utasikia "weik" na "peil", na itakubidi uyasikilize mara tatu maneno ambayo mtoto wa chekechea angeyasoma. Injini ya eSpeak NG, ambayo ni huria, ina Kiswahili ndani yake, na ndiyo hiyohiyo inayokuja na NVDA, kwa hiyo huenda sikio lako limeshaizoea. Inatamka kwa kanuni, si kwa kuunganisha maneno yaliyorekodiwa na mtu, na Kiswahili kinaikubali vizuri kwa sababu herufi zetu husomwa kama zilivyoandikwa na mkazo kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ni kweli sauti yake ni ya kibati, na wanaoona huicheka. Lakini ni ndogo, haihitaji intaneti, inajibu mara tu unapobonyeza, na ukiiongezea kasi maneno hayapotezi umbo. Sauti tamu zinazofanana na binadamu mara nyingi huchelewa kidogo kuanza, na ucheleweshaji huo ukirudiwa kwa kila herufi unayoandika ni mateso. Faida nyingine inakuhusu wewe moja kwa moja: alama za wanafunzi wako zinasomwa ndani ya kifaa, haziendi popote.

Sasa njia zilizopo. Ya kwanza, na ndiyo ninayokupendekezea uanze nayo, ni simu ya kawaida ya Android pamoja na kibodi ndogo ya Bluetooth. Najua si jibu ulilolitarajia. Lakini hesabu ni hii: msingi wa Android ni chanzo huria, Google huchapisha msimbo wa TalkBack (ingawa ule uliochapishwa huwa nyuma ya toleo la dukani), na eSpeak NG unaipata Play Store na vilevile F-Droid, ghala la programu huria. Si yote iliyo huria, lakini sehemu inayokuhusu zaidi, yaani sauti yako, iko mikononi mwako. Na inawaka ikiwa na mdomo: simu mpya ikiwa kwenye ukurasa wa karibu, shikilia vitufe vyote viwili vya sauti, cha kupandisha na cha kushusha, kwa takriban sekunde tatu, TalkBack itaanza kuzungumza. Na kwa kuwa umezoea nukta nundu, ujue kwamba tangu mwaka 2020 TalkBack ina kibodi ya nukta sita kiooni. Unaishika simu kwa ubapa, kioo kikitazama mbele kuwaelekea wengine, vidole vitatu vya kila mkono vikigusa kwa upande wa nje. Herufi a hadi z za Kiswahili ni nukta zilezile za Kiingereza, kwa hiyo ukichagua Kiingereza kisicho na mkato, yaani cha herufi kwa herufi, unaandika maandalio yako bila shida. Kwenye daladala iliyojaa utakuta ni haraka kuliko kibodi yoyote.

Udhaifu wake nao niutaje. Majedwali kwenye simu ni kero. Kusogea kisanduku kwa kisanduku kwa kidole kutakumaliza subira. Mimi nisingetunza alama kwenye jedwali la simu. Ningeziandika kama maandishi ya kawaida, kila mwanafunzi mstari wake, jina, koma, alama, halafu faili hilo nikalihifadhi kwa jina linaloishia na .csv na kulifungua ofisini kwenye Excel kwa NVDA, ambako litajipanga lenyewe kwenye safu. Pia utakutana na vitabu vya PDF ambavyo ni picha za kurasa zilizopigwa. Hapo kisoma skrini kitanyamaza na utadhani simu imeharibika, kumbe hakuna maandishi ya kusomwa. Tesseract, programu huria ya kutambua herufi pichani, inajua Kiswahili, lakini kazi hiyo ni bora ukaifanyie kwenye kompyuta.

Fundi wako akishasikia "Android" atapendekeza kuifuta na kuweka mfumo huria zaidi, kama LineageOS au GrapheneOS. Mwombe asubiri. Menyu za kuwashia na za ukarabati wa simu, zile zinazotumika kubadilishia mfumo, hazina sauti kabisa. Jambo likiharibikia hapo, utategemea macho ya mtu mwingine. Na GrapheneOS, ambayo kwa usalama nina heshima nayo kubwa, kwa miaka mingi ilikuja na TalkBack ndani bila injini ya sauti, kwa hiyo mtu asiyeona alihitaji msaidizi wa kuingiza injini hiyo kabla hajasikia chochote.

Njia ya pili ni ile inayoukaribia moyo wa fundi wako: Raspberry Pi 4. Ni ubao wa kompyuta wenye ukubwa wa kadi ya benki hivi, ingawa mnene zaidi, unaotoka Uingereza. Wanaoona huuona haujakamilika kwa sababu hauna kioo. Wewe kioo cha nini? Unachomeka kibodi, hedifoni na pawabenki, unaweka kadi ya kumbukumbu yenye mfumo unaozungumza, basi. Stormux ni mfumo wa Linux uliotayarishwa kwa ajili ya wasioona kwenye ubao huu, wenye Orca na pia Fenrir, kisoma skrini cha mazingira ya maandishi matupu. Pawabenki ya mAh 10,000 ina takriban Wh (wati-saa) 37 za nishati, na baada ya upotevu wa njiani hubaki kama 30. Ubao huu ukiutumia kuandikia tu hula wati tatu hadi tano, kwa hiyo tegemea saa sita au zaidi. Ninachokipenda zaidi ni jinsi ubao huu unavyotibika. Mfumo wote uko kwenye kadi. Weka kadi mbili zinazofanana, moja kwenye ubao na nyingine kwenye pochi. Siku ubao ukinyamaza, chomoa hii, chomeka ile, na sauti imerudi bila kumwita mtoto wa jirani.

Lakini mwambie kaka yako kwa msisitizo kwamba ni namba nne, si tano. Raspberry Pi 5 ina nguvu zaidi, na muuzaji atamshawishi aichukue, ila haina tundu la hedifoni; Pi 400, ile iliyo ndani ya kibodi, nayo haina. Ikibidi kuchukua mojawapo, inunuliwe pamoja na kifaa kidogo cha sauti cha USB, tena kijaribiwe kabla hakijafungwa kwenye boksi. Kwa mwenye macho hilo ni jambo dogo, kwetu ni sawa na kununua kompyuta isiyo na kioo. Ujue pia kwamba namba nne haina kitufe cha kuzimia: unaizima kwa amri na kusubiri, na ukichomoa umeme ghafla mara kwa mara kadi itaharibika. Na kwa kuwa umeniuliza kuhusu uhuru, hata ubao huu si huria mwanzo hadi mwisho, kwani programu inayouamsha kabla ya Linux haijaingia imefungwa. Gharama yake kubwa, hata hivyo, ni muda. Kujifunza amri za maandishi kutakuchukua wiki kadhaa za kujikwaa, na ukiwa na mitihani ya muhula usiianze.

Ya tatu ni BT Speak ya Blazie Technologies ya Marekani. Jina hilo lina historia: Deane Blazie ndiye aliyetoa Braille 'n Speak mwaka 1987, mashine ndogo ya vitufe vya nukta nundu isiyo na kioo, iliyowafundisha wasioona wa kizazi kizima kuandika popote. BT Speak inafuata umbo hilohilo, vitufe vya nukta nundu na spika, na ndani yake kuna Raspberry Pi inayoendesha Linux. Kwa mikono iliyozoea nukta nundu kama yako, hakuna kitakachokukaa vizuri zaidi. Ila ni kifaa cha kampuni ndogo iliyo mbali. Kikivunjika kitufe, sijui fundi wa Tanga ataanzia wapi, na mwulizeni muuzaji kwa maandishi, kabla ya kulipa, kama sauti ya Kiswahili ya eSpeak imo na inachagulika. Ikiwa kuna mfadhili, kiwekeni kwenye mazungumzo. Ikiwa ni mfuko wa kaka peke yake, sioni sababu ya kuanzia hapo.

Kompyuta mpakato ndogo ya Windows nimeiacha nje kwa kuwa umesema mkononi, ingawa NVDA inaweza kuwekwa kwenye flashi na kwenda nawe popote, jambo ambalo walimu wengi hawalijui.

Kwa hiyo mwambie kaka yako akuletee simu ya Android yenye RAM isiyopungua GB 4, tundu la hedifoni, na kitambua alama ya kidole kilicho ubavuni au mgongoni, si kile cha chini ya kioo ambacho hutakipata kwa kupapasa. Aongeze kibodi ndogo ya Bluetooth yenye vitufe vinavyopanda na kushuka. Raspberry Pi isubiri likizo ndefu. Kabla hajalipa, aifanyie simu hiyo majaribio dukani akiwa amefumba macho, na jaribio moja hasa asilikubalie muuzaji kuliruka. Baada ya kuweka TalkBack na eSpeak NG kwa Kiswahili, azime data, aweke namba ya siri, kisha aizime simu na kuiwasha upya. Simu ikiwaka, mpaka namba ya siri iingizwe, sehemu kubwa ya kumbukumbu yake huwa bado imefungwa kwa usimbaji, na baadhi ya injini za sauti huwa zimefungiwa humo. Matokeo yake ni kwamba simu inayozungumza vizuri mchana kutwa inakuwa bubu kila inapowaka upya, palepale inapokutaka uandike namba ya siri. Kama ataisikia ikisema kwenye ukurasa huo wa kufuli, alipe.

Kuna hatua mbili ambazo nisingependa uzifanye kwa kusoma jibu langu tu. Kubadilisha mfumo endeshi wa simu, kama siku moja utaamua, kaa na fundi ana kwa ana, mwenye kompyuta mezani na anayekubali kukutajia kila kilichoandikwa kiooni kabla hajabonyeza. Na kabla ya kutumia fedha kwenye kifaa chochote cha nukta nundu, kiguse kwanza. Matawi ya Chama cha Wasioona Tanzania, na vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma ambako wanafunzi wasioona wanasoma, ni mahali pa kuulizia nani anacho kifaa cha namna hiyo. Kwa msomaji wa Kenya mwenye swali kama hili, Kenya Society for the Blind ni mlango wa kubisha. Omba ukitumie nusu saa, uandike ukurasa mzima wa maandalio yako halisi, na uondoke ukiwa umeusikiliza wote hadi mwisho. Ukishaipata simu, niandikie mahali TalkBack inapokukwamisha, ukinitajia maneno kamili inayoyasema.